"Oda" ya Kariakoo na "oda" ya Istanbul: maswali yenu kuhusu neno "order" kwa Kituruki

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka kwa wanaoagiza bidhaa Uturuki, wanaotafsiri nyaraka na wanaofanya kazi na mafundi wa Kituruki. Tumeziweka pamoja kwa sababu nyingi zinakwama pale pale: kwenye neno "order" la Kiingereza, ambalo Kituruki hulivunja vipande vitano au zaidi, kila kipande na neno lake.

SWALI: Ninauza nguo Kariakoo, Mtaa wa Congo, na mzigo wangu hutoka Laleli, Istanbul. Huwa naandika ujumbe kwa Kiingereza cha kuungaunga, napitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, kisha namtumia mwenye duka kule. Nikiulizia oda yangu, mara nyingi ananijibu kama mtu ambaye hajaelewa. Neno sahihi ni lipi?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

JIBU: Neno unalolitafuta ni *sipariş*, linalotamkwa "siparish". Hiyo ndiyo oda ya mnunuzi kwa muuzaji, iwe ya mashati au ya sahani ya chakula mgahawani. Lakini kabla hujaanza kulitumia, ondoa neno "oda" kabisa kwenye ujumbe wako. Kwa Kituruki, *oda* ni chumba. Programu ikikutana na neno hilo katikati ya Kiingereza chako inaweza kuliacha lilivyo, na mwenye duka akabaki anashangaa unaulizia chumba gani.

Programu hukosea zaidi sentensi inapokuwa fupi. Ukiandika "Order ready?" tu, hakuna mashati, hakuna idadi, hakuna tarehe, inabaki kubahatisha kati ya *sipariş* (oda), *emir* (amri), *sıra* (mfuatano) na *düzen* (mpangilio au utulivu). Ipe sentensi nzima yenye bidhaa na idadi ndani yake, na kubahatisha kutapungua sana.

Kosa jingine liko kwenye kitenzi, nalo linawapata wengi. Kwa Kituruki mnunuzi "hutoa" oda: *sipariş vermek*, au *sipariş etmek* akitaja bidhaa yenyewe. Muuzaji ndiye "anayepokea": *sipariş almak*. Kitenzi *almak* kina maana ya kuchukua na pia kununua, kwa hiyo kinamvutia mtu aliyezoea kusema "nachukua mzigo". Ukiandika *Sipariş almak istiyorum*, umesema wewe ndiye unayetaka kupokea oda za wateja.

Ujumbe unaoeleweka bila maswali ni kama huu:

*Merhaba, 12 Mayıs'ta 300 adet gömlek sipariş ettik. Sipariş numaramız 4471. Siparişimiz hazır mı? Ne zaman yüklenecek?*

Yaani: habari, tarehe 12 Mei tuliagiza mashati 300. Namba ya oda yetu ni 4471. Oda yetu iko tayari? Itapakiwa lini? *Adet* ndiyo "pisi" yetu. *Gömlek*, yaani shati, limebaki katika umoja ingawa ni mashati 300, kwa kuwa Kituruki hakiweki wingi baada ya namba. Kama unamjua mwenye duka kwa jina, weka *Bey* (mwanamume) au *Hanım* (mwanamke) baada ya jina lake la kwanza. Ni heshima ya kawaida kule, na kuikosa husikika kama ukavu.

Soma pia namba za kwenye proforma, ile ankara ya awali, kwa macho ya Kituruki. Nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume na tulivyozoea Dar. *1.500 adet* ni pisi elfu moja na mia tano. *12,50* ni kumi na mbili na nusu. Na kabla hujataja idadi, uliza kama anauza kwa *seri*. Hilo ni fungu la mtindo mmoja lenye saizi zilizokwisha kupangwa, na wauzaji wengi wa jumla hawalivunji. Kama seri ina pisi 8, mashati 300 hayagawanyiki: utapata seri 37 na pisi 4 zitabaki zinaning'inia. Hapo ama ushuke hadi 296 au upande hadi 304, na ni vizuri ukalisema wewe kabla yeye hajakuamulia.

SWALI: Nimepewa hati ya shehena, ile B/L, niitafsiri kwa Kituruki. Kwenye nafasi ya mpokeaji kumeandikwa "to the order of" kisha jina la benki. Nimeweka *sipariş*, nikairudisha kwa Kiingereza ili kukagua, ikaja "order" vizuri kabisa. Mteja ameikataa. Kosa liko wapi?
*Mfasiri, Posta*

JIBU: Hapo "order" haihusiani na kuagiza bidhaa. Maana yake ni amri: nani ana mamlaka ya kuelekeza mzigo apewe nani. Kituruki cha biashara hutumia *emir*. Baada ya jina la benki huandikwa *emrine*, yaani "kwa amri ya", na hati ya aina hiyo huitwa *emre yazılı konşimento*. Cheki ya namna hiyo nayo ni *emre yazılı çek*. Benki ikisaini nyuma ya hati, kitendo ambacho Waturuki hukiita *ciro*, haki ya mzigo huhamia kwa mwingine. Bila saini hiyo wakala wa meli hana ruhusa ya kuuachia mzigo bandarini. Tafsiri yenye *sipariş* inasema tu kwamba benki iliagiza kitu. Mteja wako alikuwa na haki ya kuikataa. (Katika taarifa ya hesabu za kampuni, *ciro* hilohilo ni jumla ya mauzo, kwa hiyo lisome kwa waraka uliomo.)

Tunataka kukazia jinsi ulivyokagua, maana wafasiri wengi hukagua hivyohivyo. Kurudisha tafsiri kwa Kiingereza hakuwezi kufichua kosa hili. *Sipariş* ikirudi inakuwa "order", *emir* inakuwa "order", *düzen* inakuwa "order", na hata *sıra* mara nyingi. Umelipima neno kwa mzani uleule uliolipotosha.

Kagua kwa kupitia Kiswahili, kwa kichwa chako, si kwa programu. Chukua sentensi ya Kiingereza na ujiulize ungeisemaje hapa Dar: oda, amri, mfuatano, utulivu, au pengine hakuna nomino kabisa? Kiswahili kimeshazitenga maana hizo kwa maneno tofauti, kwa hiyo kinakulazimisha kuamua. Ukishaamua, tafuta neno la Kituruki la maana hiyo moja tu, kisha lisome katika kamusi ya Kituruki kwa Kituruki. Ile ya Türk Dil Kurumu (TDK), taasisi ya lugha ya Kituruki, inapatikana bure mtandaoni na inapanga maana kwa namba, nyingi zikiwa na sentensi za mfano. Hatua ya mwisho ni kutafuta mtandaoni kirai kizima ndani ya alama za kunukuu na kuangalia kinatumika katika nyaraka za aina gani. Kirai kikionekana kwenye tovuti za kujifunza lugha tu, na si kwenye mikataba wala fomu za benki, kitilie shaka.

Kwa kuwa unashughulika na nyaraka, zingatia na haya. Amri ya mahakama kwa kawaida ni *mahkeme kararı*, uamuzi wa mahakama. Maelekezo kwa benki ilipe fedha, yaandike *ödeme talimatı*; ukiandika *ödeme emri*, msomaji wa Kituruki anaweza kufikiria waraka ambao ofisi ya kukazia madeni humpelekea mdaiwa ikimtaka alipe. Na "in order to" haina nomino yoyote: kitenzi huchukua *-mek* au *-mak* na kufuatiwa na *için*.

SWALI: Kazini kwetu tuna mashine na miongozo ya Kituruki, na mafundi wengine ni Waturuki. Natakiwa kuandika vibao vya usalama kwa lugha zao. "Order" inajitokeza kila ukurasa.
*Fundi umeme, Pugu*

JIBU: Wewe ndiye ambaye kosa linaweza kumuumiza mtu, kwa hiyo tukujibu moja kwa moja. Karatasi ya kumpa fundi kazi ni *iş emri*. Kifaa kibovu ("out of order") kibandike *ARIZALI*; *bozuk* pia inaeleweka, lakini kwenye kibao *arızalı* ndiyo ya kikazi. Kifaa kizima ("in working order") ni *çalışır durumda*.

Hatari iko kwenye maelekezo ya kuzima na kuwasha. "Follow this order" katika mwongozo wa umeme inataka hatua zifuatwe moja baada ya nyingine, na Kituruki chake ni *Bu sıraya uyun*. Ukiandika *Bu emre uyun*, umesema "tii amri hii", na anayesoma anaweza kutii hatua zote huku akianza na ya tatu. Zipe hatua namba, na juu yake andika *sırayla*, "kwa kufuatana". Safu ya namba kwenye jedwali ni *Sıra No*. Usiichanganye na *Sipariş No*, ambayo ni namba ya oda ya vipuri. Fomu za stoo mara nyingi zinazo zote mbili.

SWALI: Nalipia mashine ya useremala kutoka Bursa kwa awamu mbili. "Deposit" na "balance" nazo zina mtego?
*Msomaji, Keko*

JIBU: Zinao. Fedha ya kuanzia inayokatwa kwenye bei, yaani arubuni, ni *kapora*. *Depozito* ni dhamana unayorudishiwa, kama ya chupa au ya nyumba ya kupanga, na *mevduat* ni akiba iliyowekwa benki. Kiasi kilichobaki ni *kalan tutar* au *bakiye*. Ukiandika *denge* umezungumzia usawa wa mizani. Mkataba useme waziwazi kama kapora inarudi mashine isipoletwa, maana neno peke yake halikulindi.

SWALI: Nimeona *emir* ni amri yetu. Je, naweza kubahatisha maneno ya Kituruki kwa sikio la Kiswahili?
*Mwanafunzi, Mlimani*

JIBU: Kwa kutambua unaposoma, ndiyo, na ni faida kubwa; kwa kuandika, hapana. "Order" yenyewe ina mifano mizuri: amri ni *emir*, tarika ya Kisufi ni *tarikat*, nishani ya heshima ni *nişan*, na nidhamu ni jamaa wa *nizam*. Zote zimetokana na Kiarabu au zimepitia Kiajemi kabla ya kufika kwa Waturuki. Lakini *nişan* pia ni uchumba, na *misafir*, linalofanana na msafiri wetu, kwao ni mgeni uliyemkaribisha nyumbani. Isitoshe, tangu TDK ianzishwe mwaka 1932 maneno mengi ya Kiarabu yamewekewa wenzao wa Kituruki, na jozi zimebaki zikiishi pamoja: *şart* na *koşul* kwa sharti, *cevap* na *yanıt* kwa jawabu. Ukianza mkataba na *şart*, endelea nalo hadi mwisho. Kubadilishabadilisha humfanya mwanasheria atafute tofauti ambayo hukuikusudia.

SWALI: Simu yangu haina ş wala ı. Nikiandika bila hizo, kuna shida?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: *Siparis* wataielewa, lakini usizoee. *Oldu* ni "imekuwa, tayari"; *öldü* ni "amefariki". *Kâr* ni faida, *kar* ni theluji. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha na kibodi, ongeza Kituruki. Herufi zote 29 zitakuwepo, na ukibonyeza kwa muda mrefu herufi *a* utaipata *â*. Kwa herufi kubwa andika SİPARİŞ, i zote mbili zikiwa na nukta zake, kwani I isiyo na nukta ni herufi nyingine kabisa.