Kabla hujafungua chupa ya seramiki

Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari. Hakipigwipigwi pajani, hakipulizwi, hakigeuzwi upande wa pili. Kinaenda kwenye beseni la kufuliwa, na wewe unachukua kingine. Nimelisema hili mpaka vijana wa hapa kwetu wananiigiza sauti nikiwapa mgongo, na bado juzi nimemkuta mmoja anafuta boneti nyeusi kwa taulo lililotoka kulala sakafuni na mchanga. Basi naandika. Anayejua kusoma asije akasema hakuambiwa.

Nawalenga ninyi mnaojua tayari kushika mashine ya kupolishi, mnaoona kila hatua inawachelewesha kufika kwenye chupa ya seramiki, ile dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ya gari iilinde na kukimbiza maji. Wadogo zangu, kupaka ndiyo sehemu fupi ya kazi. Seramiki haifichi kitu. Ukiiweka juu ya mikwaruzo, umeitunza mikwaruzo.

1. Kuosha. Ndoo mbili, kila moja na wavu wake chini. Povu literemshe vumbi kwanza, ndipo mkono uguse. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, yakikauka juani yanaacha madoa ambayo ni kazi nyingine kabisa, kwa hiyo osha kivulini na usuuze paneli kwa paneli. Vua saa, pete na mkanda wa suruali. Kinyesi cha kunguru kinalowekwa. Anayekikwangua kwa kucha nitamkata posho.

2. Dawa ya chuma. Kila mgeni anaipenda kwa sababu inageuka zambarau, anatoa simu anarekodi, na dawa inamkaukia. Ile zambarau ni dawa imekutana na chembe za chuma za breki na vumbi la reli zilizojichimbia kwenye rangi. Imegeuka? Suuza. Halafu dawa ya kutoa lami, halafu klei, lile donge laini la kung'olea chembe zilizobaki, na klei iteleze kwenye maji ya sabuni muda wote. Klei ikianguka chini ni ya kutupa, hata kama ni mpya, hata kama ni ya bei gani. Ili kujua paneli imesafika, sisi tulikuwa tunavaa mfuko wa nailoni mkononi tunapapasa, maana kupitia nailoni vidole vinahisi chembe ambazo mkono mtupu hauzioni. Mifuko ikapigwa marufuku mwaka 2019. Pakiti ya mkate inafanya kazi ileile, na mkate mnakula.

3. Kipimo cha rangi. Kinasoma unene wa jumla: praima ya chini, rangi, na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kikikuandikia mikroni 120 (mikroni elfu moja ni milimita moja), usidhani una 120 za kuchezea. Klia mara nyingi ni kama 40 tu. Bampa la plastiki vipimo vyetu havilisomi, hapo tumia akili. Na ile nyeusi ya Toyota yenye namba 202 inajulikana kwa ulaini. Sponji ikitoka nyeusi, ujue unachoondoa ni rangi yenyewe.

4. Kupolishi. Tepu kwenye kingo na raba, jaribu eneo dogo kwanza, na anza na sponji laini na polishi nyepesi. Mkianza na kali mnataka kuonekana mafundi.

5. Kufuta mafuta. Hapa kaeni chini.

Polishi ina mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo yanajaza mikwaruzo midogo, gari linang'aa, unadhani umemaliza. Ndiyo maana tunafuta kwa spiriti: tuone ukweli wa rangi, na seramiki ipate kushika klia badala ya kushika mafuta. Hii kanuni nilikuwa nayo kichwani tangu naanza. Ningeweza kukuimbia.

Siku moja dawa ya kufutia ikaisha, na mteja anakuja jioni. Nikavuka barabara mpaka duka la dawa, nikaomba spiriti, nikapewa chupa ya spiriti ya kusafishia ngozi. Spiriti ni spiriti, nikajiambia. Gari lilikuwa Crown nyeusi ya mzee mmoja mstaafu, mtu aliyelipa taslimu bila kuomba punguzo, na mnajua wateja wa hivyo wako wangapi mjini hapa. Nikafuta gari zima mara mbili, taratibu, kwa adabu zote. Lilinukia dawa ya kuchua misuli. Nikaona harufu si mbaya. Seramiki ilipokuwa inajikusanya vidotidoti badala ya kutandaa, nikalaumu unyevu wa hewa. Mzee akaja, akalizunguka gari, akanipa na hela ya soda.

Alirudi kabla masika hayajaisha. Hakugomba. Aliliweka gari juani saa sita mchana, akaomba ndoo ya maji, akamwaga juu ya boneti mwenyewe. Huku maji yanakimbia, kule yametuama bapa, na katikati mikwaruzo ya mviringo niliyodhani nimeiondoa yote ikijionyesha. "Mwanangu, hii ndiyo ile ya miaka mitatu?" Nikamjibu maneno mengi kuhusu hali ya hewa ya pwani. Akayasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Angenitukana ningepumua.

Aliyenifumbua macho ni fundi rangi wa jirani. Nilimpelekea chupa, akanusa, akanirudishia: "Soma." Kwenye maandishi madogo, chini ya alkoholi, palikuwa na mafuta ya nyonyo. Haya haya ambayo dada zetu wanapaka nywele ziote! Yamewekwa makusudi ili ngozi isikauke. Na ile harufu ilikuwa ya dawa ya kuchua kweli, nayo imo kwenye orodha. Yaani nilitoa mafuta ya polishi, nikalipaka gari la watu mafuta ya nyonyo, mara mbili, taratibu, kwa adabu zote. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Kwake yeye tone moja la mafuta kwenye paneli linatosha, rangi inalikimbia na kuacha vitundu, kwa hiyo pua yake haikosei.

Seramiki iliyokwisha kushika haitoki kwa sabuni. Inatolewa kwa mashine, na mashine haichagui: pamoja na seramiki yangu mbovu nikaondoa rangi ya mzee, ile laini, ambayo hairudi. Nilikuwa napima kila baada ya kupita na namba inashuka, na kila ikishuka namuona yeye anavyonisikiliza habari za unyevu. Nilirudia kazi yote bila malipo. Mzee akalichukua gari, akashukuru, sikumuona tena. Mpaka leo nikikutana na Crown nyeusi foleni ya Mwenge naangalia upande mwingine.

Kwa hiyo ni isopropili, alkoholi isiyotiwa mafuta, na chupa unaisoma wewe mwenyewe kabla haijafunguliwa. Ikiwa ni safi, changanya sehemu moja kwa tano za maji ya betri, yale yasiyo na chumvi ya kuongezea, si asidi. Kali mno inalainisha klia. Taulo mbili safi, moja inalowesha, moja inakausha. Kisha mulika kwa taa kutoka ubavuni. Mikwaruzo ikirudi, rudi namba 4, na usinune.

6. Gari lililotoka kupigwa rangi. Muulize aliyepaka. Wengi watakwambia subiri wiki nne au zaidi, thina imalize kutoka.

7. Siku ya kupaka. Paneli iwe ya baridi, feni izimwe, sakafu imwagiwe maji vumbi litulie. Paka eneo dogo, futa, mulika, ndipo usogee. Muda wa kusubiri kabla ya kufuta umeandikwa kwenye chupa, na joto letu linaufupisha. Gari lilale ndani, lisiguswe na maji.

Mteja akipiga simu kuuliza kama liko tayari, jibu ni bado. Hata kama anapiga akiwa getini.