Barua kwa mwanangu: kuhusu kura ile

Beni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unaniuliza kama uiache wodi ya watoto huko Goma uende kusomea utafiti wa virusi kwa miaka minne, kwa sababu unaogopa kwamba daktari anayeingia maabara huwapa wagonjwa kisogo. Sijui kama mimi, muuguzi mstaafu, ndiye wa kukujibu hilo. Nilipofika mwisho wa barua yako, nilijikuta ninawaza kura aliyopigiwa mama yako mdogo ili ijulikane apewe dawa ipi ya Ebola, nayo ndiyo nitakayokuandikia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuambia ulipokuwa ukinisaidia kunakili daftari la kituo cha afya: kila namba ina mwenyewe. Bado ninaamini hivyo.

Mwaka 1995, Ebola ilipoingia Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, yuleyule aliyefika Yambuku mwaka 1976 akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu bila kujua anaushika ugonjwa gani, aliongoza kazi ya kuwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Kati yao 7 walipona, katika mlipuko ulioua takriban watu 250 kati ya zaidi ya 300 waliougua. Niliposikia habari hiyo nilifurahi mno, nikadhani dawa imekwisha kupatikana. Lakini wanasayansi wengi hawakukubali. Walisema hapakuwa na kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wengine wasiotiwa damu ile, na kwamba huenda wale 7 walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari, hivyo wangepona hata bila damu ile. Nilikasirika, nikamwambia baba yako kwamba watu hao wanataka wagonjwa wafe ili hesabu yao itimie. Leo nakiri kwamba hoja yao ilikuwa na uzito, ingawa hasira yenyewe haijaniisha. Miaka 11 baada ya mlipuko ule, mmoja wa waliopona Kikwit alitolewa damu, na kutokana na damu hiyo wakapata kingamwili, ile kinga ambayo mwili hujitengenezea kupambana na virusi, iliyokuja kuwa dawa ya mAb114.

Sasa njoo Mei 2019. Mama yako mdogo alikuwa amelala katika kile chumba cha plastiki angavu, mimi nikiwa nje, tukitazamana bila kushikana mikono. Walimweleza kwamba kuna dawa nne zinazojaribiwa, kwamba zote zinaaminika kusaidia lakini hakuna ajuaye ipi inashinda nyingine, na kwamba kura ndiyo itakayoamua atapewa ipi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi: «Dada, ungekuwa wewe ungekubali?» Nilimjibu kwamba ningekubali. Akatia sahihi. Kura ikamwangukia remdesivir, akawa anatundikiwa dripu kila siku, na siku ya sita akafariki. Mengine ya siku ile unayajua, ulikuwepo.

Agosti 12 mwaka huohuo nilikuwa ninachambua maharage, redio ikatangaza kwamba Profesa Muyembe na wenzake wa Marekani wamepata jibu, na kwamba Ebola haitaitwa tena ugonjwa usiotibika. Dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zimezishinda zile nyingine. Hesabu zilipokamilika ikaonekana kwamba waliopewa mAb114 walikufa takriban 35 katika kila 100, na waliopewa remdesivir walikufa 53. Niliizima redio. Nilifurahi kwa moyo wangu wote, mwanangu, na katika saa hiyohiyo nikatamani nisingeijua habari ile kamwe.

Tangu hapo ninabishana na nafsi yangu. Najiambia kwamba ningemzuia asitie sahihi. Kisha najijibu kwamba mwezi Mei hakuna aliyekuwa akijua, na kwamba kama ningeachiwa nimchagulie mwenyewe ningechagua ZMapp, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikisifiwa wakati ule, nayo pia ilishindwa. Najiambia kwamba ndugu hapigiwi kura. Kisha namwona mtoto wa jirani yetu, yule aliyeugua Septemba akapewa mAb114 bila kura ya kumpeleka kwenye dawa dhaifu, akipita hapa mlangoni kila asubuhi na mkoba wake wa shule. Walioingia katika jaribio lile walikuwa wagonjwa 681. Wengine huisoma hesabu hiyo wakapita. Mimi sipiti, kwa sababu kila namba ina mwenyewe, na mmoja wao nilimnywesha uji wakati mama yetu alipokuwa shambani.

Kwa hiyo ukienda maabara, sitasema umewapa wagonjwa kisogo, kwa kuwa wale waliosimamia kura ile walikuwa wakiingia katika vyumba vile wamevaa mavazi mazito, katika joto hili letu, huku watu wakiwarushia mawe barabarani. Wala sitasema kwamba wodi ni kazi ndogo. Mara mbili nimeandika hapa neno moja tu la kukujibu, na mara zote mbili nimelikata, ingawa unanijua, kunyamaza kunaniumiza kuliko kusema. Uamuzi ni wako.

Ila nakala ya fomu ile ya ridhaa ninayo, ndani ya sanduku la vitenge vyake, na sahihi yake imepinda kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka. Ukija Pasaka nitakupa uisome, kabla hujaniambia umeamua nini.

Mama yako