Uliza Fundi: Oili ya gia boksi inapochemka njia ya Lushoto

*Shikamoo mzee. Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, otomatiki, naifanyia biashara. Napakia machungwa na nazi hapa Muheza napeleka Lushoto, narudi na kabichi na viazi. Tambarare haina neno. Lakini nikishaiacha Mombo na kuanza kupanda, kabla sijafika Soni taa iliyoandikwa A/T OIL TEMP inawaka, kila safari, na gia zinachelewa kuingia. Maji ya rejeta hayachemki. Fundi mmoja kanishauri nifunge kipozeo cha ziada cha oili ya gia boksi. Mwingine kasema ni kupoteza hela, kilichomo kwenye rejeta kinatosha. Nimeona kimoja cha mtumba dukani Tanga mjini. Je, nifunge? Kikae wapi, na mipira naiunga vipi?*
*Mbeba machungwa, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Funga. Kwa kazi unayoifanya sioni sababu ya kusita. Ila kile cha mtumba kiache hukohuko dukani, na usishike spana kabla hujaitazama oili iliyomo sasa hivi.

Nianze na njia yenyewe. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei tu, lakini unaanzia kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na unafika kwenye mita 1,400 hivi, kona juu ya kona. Huwezi kwenda kasi, kwa hiyo upepo unaoingia mbele ni mdogo. Na gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia kuna toki konveta, inayopeleka nguvu kwa kuzungusha oili. Kwenye tambarare, mwendo ukishatulia, konveta inajifunga kwa ndani, injini na gia zinazunguka pamoja na joto linakuwa dogo. Ukipanda na mzigo kwa mwendo wa pole inajifungua, oili inasukwasukwa, na nguvu yote inayopotea pale inageuka joto. Ndiyo maana Muheza hadi Mombo huoni kitu, na ndiyo maana maji ya rejeta yanaweza kuwa salama huku oili ya gia inaungua.

Oili hiyo inataka kukaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Ikifika 120 inaanza kuacha utando mgumu wa kahawia kwenye vali. Ikizidi kupanda, sili za mpira zinakakamaa na klachi pleti za ndani ya gia boksi zinateleza. Mafundi tuna hesabu ya haraka: kila nyuzi 10 hivi zinazozidi, umri wa oili unakatika nusu. Taa ya kwenye dashibodi yako haiwaki kwenye 100 wala 110. Hadi iwake, joto limeshapita mbali, na wewe unaiona kila safari.

Basi chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, ifute oili kwenye kitambaa cheupe, uitazame mchana. Oili nzima ni nyekundu na inang'aa. Ikiwa imeelekea kahawia lakini hainuki, imezeeka tu, ibadilishe pamoja na filta. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua, na ukiisugua kwa vidole unahisi chengachenga, klachi pleti zimeanza kulika na hakuna kipozeo kitakachozirudisha. Hapo mwone kwanza fundi wa gia boksi, fungueni sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, mtazame kilichotuama chini. Nimeona vijana wakifungiwa kipozeo kwenye gia boksi iliyokwisha, wanaambiwa itapona. Inaniuma, kwa sababu hela ile ndiyo ingeingia kwenye matengenezo.

Kuhusu kile cha mtumba: hujui gari lile lilikatwa kwa sababu gani. Kama gia boksi yake ilisagika, unga wa chuma umekaa kwenye vinjia vyembamba vya ndani, na hakuna petroli wala upepo wa kompresa utakaoutoa wote. Safari ya kwanza tu unaingia kwako. Nunua kipya, na ukipata cha sahani zilizopangana chukua hicho, usichukue cha bomba moja lililokunjwakunjwa. Kwa ukubwa uleule cha sahani kinapoza zaidi. Ukubwa wenyewe uchague kwa uzito wa gari likiwa limepakia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mafundi wako wawili, kwa ulivyoandika, hawakuligusa, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: rejeta yako ina umri gani, na unaitia maji gani? Kipozeo cha kiwandani ni kidude kilicholazwa ndani ya tangi la rejeta, oili inapita ndani yake na maji yanakizunguka nje. Kinachotenganisha oili na maji ni ukuta mwembamba wa chuma, basi. Huku kwetu pwani wengi wanamimina kwenye rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, inanunuliwa siku gari linapotoka bandarini, hainunuliwi tena. Chumvi inaula ukuta ule taratibu, kwa ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Siku ukuta huo ukitoboka, injini ikiwa inanguruma oili inaweza kusukumwa kwenye maji. Ukizima, maji ya moto yenye presha yanarudi kuingia kwenye oili. Gari linalala zima, asubuhi lina maji ndani ya gia boksi.

Kwa hiyo jibu la "naiunga vipi" linategemea rejeta. Ikiwa rejeta ni nzima na umekuwa ukitia kulanti, unga kwa kufuatana: oili itoke gia boksi, ipite kwenye rejeta, ndipo iingie kwenye kipozeo kipya, kisha irudi gia boksi. Usibadili mpangilio huo. Rejeta inaondoa joto kubwa, kipozeo kinamalizia. Ukianza na kipozeo, utaipoza oili halafu uipeleke ikapashwe tena na maji ya moto ya rejeta. Lakini ikiwa rejeta ni ya zamani na imekunywa maji ya kisima, iruke kabisa. Mipira yote miwili iende kwenye kipozeo kipya, chagua kikubwa, na midomo ya oili kwenye rejeta izibwe ili uchafu usiingie. Nchi za baridi wanaogopa kuiruka rejeta kwa kuwa oili inahitaji yale maji iipashe asubuhi. Sisi hatuna shida hiyo. Hata Lushoto mwezi wa Julai, ukishapanda na mzigo oili inapata moto yenyewe. Mimi kwa gari kuukuu la pwani naiacha rejeta nje ya mzunguko, na nalala usingizi.

Kujua mpira upi unarudi gia boksi ni rahisi. Injini ikiwa baridi, chomoa mmoja kwenye rejeta, tega chupa mbili, moja kwenye mdomo wa rejeta na moja kwenye mpira. Mwambie mwenzio awashe kwa sekunde chache tu kisha azime. Oili ikitoka kwenye mdomo wa rejeta, mpira ulioushika ndio wa kurudi. Ikitoka kwenye mpira wenyewe, huo ndio unaoleta ya moto. Usiliache gari lizunguke muda mrefu hivyo, pampu itavuta hewa.

Kipozeo kikae mbele kabisa, nyuma ya shoo, mbele ya kondensa ya AC, kwa nafasi ya sentimita moja au mbili ili visikwaruzane. Kifunge kwa vipande vya flatbari vilivyoshikwa kwa bolti kwenye fremu ya rejeta. Vile vifungo vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi ya kondensa nakusihi usivitumie. Barabara zetu zinatikisa, kifungo kinasugua kidogokidogo mpaka kinatoboa kondensa, na ndani ya miezi unalia kwa mambo mawili. Midomo ya kipozeo itazame juu au pembeni. Ikitazama chini hewa inabaki ndani. Flatbari ipigwe rangi, na kati yake na aluminiamu weka kipande cha mpira, maana kwa upepo huu wa bahari chuma na aluminiamu vikigusana vinalana.

Mpira uwe wa oili ya gia, na maandishi yake yanasema hivyo. Wa maji ya rejeta unavimba na kulainika, wa mafuta ya dizeli hauhimili joto lile. Ukihitaji kukata bomba la chuma tumia kikata bomba cha kuzungusha, si msumeno, kwa sababu vumbi la msumeno linaishia ndani. Kisha ncha ya bomba ipigwe ukingo uliovimba kidogo. Mpira uliovutwa juu ya bomba laini unachomoka siku ya presha, hata ukaze klipu namna gani. Ingiza mpira angalau sentimita mbili na nusu. Upitishe mbali na feni na ekzosi, na unapopenya kwenye bati weka gamba la mpira kwenye tundu.

Ukimaliza, ongeza oili ileile iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Toyota zina zaidi ya aina moja na hazichanganywi kwa sababu eti zote ni nyekundu. Kipozeo na mipira huwa vinakula nusu lita hadi lita moja, lakini usimimine kwa kukisia. Washa, pitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki, rudisha P, yaani gia ya kuegeshea, pima injini ikiwa inanguruma. Zunguka kidogo ipate moto, pima tena upande wa HOT wa kijiti. Tazama kila kiungo kwa tochi. Ukirudi kutoka safari ya kwanza kaza klipu upya, mpira mpya ukipata joto unakaa.

Kuanzia Mombo zima ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo kasi, na penye mwinuko mkali shika 2 mwenyewe, usiliache gari lihangaike kupandisha na kushusha gia. Taa ikiwaka hata baada ya haya, egesha pembeni, weka P, na usizime injini. Pampu lazima iendelee kuzungusha oili ipite kwenye kipozeo mpaka taa izimike.

*Fundi, asalaam aleikum. Nina pikapu ya otomatiki ya kubebea nazi na samaki. Juzi kijana wangu kapima oili ya gia akakuta imekuwa nzito, ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa strawberi. Fundi wa jirani kasema tuongeze oili tuendelee na kazi, tutaifanyia sevisi mwisho wa mwezi. Gari linakwenda, ila linashtuka likibadili gia. Nifanyeje?*
*Mama wa nazi, Pangani*

Waaleikumu salaam, dada yangu. Lisimamishe leo. Lisiende hata sokoni. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji ya rejeta, ni yale niliyomweleza kijana wa Muheza hapo juu, yameshakufika. Maji yanalegeza gundi inayoshikilia utando wa klachi pleti, utando unabanduka vipandevipande na kuziba vinjia vya oili. Kila kilomita unayoongeza ni hela.

Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. Ukiona utando wa mafuta unaelea, ushahidi umekamilika. Usipouona, bado rejeta ipimwe kwa presha, kwa sababu maji yanaweza kupita upande mmoja tu. Rejeta hiyo haizibwi kwa gundi wala kwa kuchomelea, ibadilishwe, au iachwe kwa kazi ya maji tu na oili ipewe kipozeo chake pembeni.

Kama maji yameingia siku mbili tatu tu, kuna matumaini. Mwaga oili, badilisha filta, safisha mipira, tia oili mpya, liache lizunguke, mwaga tena, rudia mpaka itoke nyekundu safi. Kumwaga mara moja hakutoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya oili inabaki ndani ya konveta. Lakini hiyo dalili ya kushtuka inanitia shaka. Ikiwa baada ya oili safi bado linashtuka, gia boksi ifunguliwe na klachi pleti zibadilishwe, na konveta pia. Ni gharama, najua, na msimu wa biashara haungoji. Hata hivyo ni heri kufungua sasa ambapo vyuma vya ndani na gia zenyewe bado ni nzima. Mweleze fundi wako kwa upole lakini usikubali la mwisho wa mwezi.

*Mzee, mimi nina Isuzu Elf, ile ya Smoother, haina pedali ya klachi. Nabeba mawe ya chokaa. Na mimi nifunge kipozeo cha oili?*
*Dereva wa Amboni*

Usifunge, kijana. Smoother ndani yake ni gia za kawaida kama za manyuo, ila kazi ya kukanyaga klachi na kubadili gia inafanywa na mitambo. Haina toki konveta kama ya otomatiki ya kawaida, kwa hiyo joto ninalolizungumza hapo juu si tatizo lako la kwanza. Kama gia zinagoma ukiwa na mzigo, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya Isuzu, akague klachi imebaki kiasi gani, na oili ya mfumo wa klachi kama inavuja. Elf yako ikiwa ni ya otomatiki ya kweli, bila neno Smoother popote, niandikie tena, unitajie na aina ya injini.