Maswali na majibu: Chui wa Uingereza wanajificha wapi?

Wasomaji walioko Uingereza, na hata wasiowahi kufika huko, wameniletea maswali mengi kuhusu chui, puma (paka mkubwa wa Amerika) na linksi (paka-mwitu mwenye mkia mfupi) wanaosemekana kuranda mashambani mwa nchi hiyo baada ya kutoroka au kuachiwa na waliowafuga. Nimechagua machache. Yanayouliza jambo lililokwisha kujibiwa nimeyajibu kwa mkato, na waliouliza wasininunie.

Nilimpiga picha mnyama mweusi akivuka shamba karibu na Gloucester. Je, ni chui? (Msomaji, Leicester)

Ni paka. Katika picha hiyo hakuna uzio, mti wala kondoo wa kumlinganisha naye, na mkia wake umesimama wima kama wa paka anayeitiwa chakula. Nimekwisha kuomba, na naomba tena: mtu akipata picha ya aina hii, arudi palepale, asimike fimbo ya mita moja alipopita mnyama, kisha apige picha ya pili akiwa amesimama alipokuwa mwanzo. Picha isiyo na kipimo isiletwe kwangu.

Uingereza haina chui wa asili. Hawa wanaosemwa walitoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

Hili ni swali la maana, kwa sababu chanzo cha habari hizi si uzushi mtupu. Hadi miaka ya 1970, Mwingereza mwenye fedha aliweza kununua mwana wa simba dukani na kumpeleka nyumbani bila kuulizwa chochote na serikali. Mwaka 1969 vijana wawili kutoka Australia walimnunua simba aliyeitwa Christian katika duka la Harrods, London, wakamfuga katika duka la samani huko Chelsea hadi alipowashinda kwa ukubwa. Mwaka 1970 alisafirishwa hadi Kora, Kenya, kwa George Adamson, mlezi wa simba, ambaye alimfunza maisha ya porini. Huyo alibahatika. Mwaka 1976 ilipopitishwa sheria ya kuwataka wafugaji wa wanyama hatari wawe na leseni, wako waliokiri baadaye kwamba waliwapakia wanyama wao garini na kwenda kuwaachia vilimani, jambo ambalo lilikuja kupigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1981.

Kwa hiyo sikatai kwamba waliachiwa. Ninachokataa ni hesabu inayofuatia. Chui anayetunzwa vizuri katika bustani ya wanyama huishi miaka ishirini na kitu, na porini hafikishi hapo. Aliyeachiwa mwaka 1976 alikufa zamani. Ili wawepo leo ni lazima dume na jike wawe wamekutana, wakazaa, na wazao wao wakazaa tena kwa karibu nusu karne, katika nchi yenye barabara kila upande, bila hata mmoja wao kugongwa na gari na maiti yake kuonekana.

Mbona kuna waliokamatwa kweli? (Msomaji, Nairobi)

Wamekamatwa, na ndiyo hoja yangu. Mwaka 1980 mkulima wa Cannich, Scotland, alimnasa puma jike kwa mtego. Alikuwa mnene na mpole, anayependa kukunwa, dalili za mnyama aliyetoka mikononi mwa watu si muda mrefu uliopita. Mwili wake uliokaushwa uko katika makumbusho ya Inverness. Mwaka 2001 linksi alikamatwa kaskazini mwa London. Mwaka 2016 linksi mwingine alitoroka kutoka bustani ya wanyama ya Dartmoor, akanaswa baada ya wiki tatu hivi. Januari 2025 linksi wanne walioachiwa kinyume cha sheria katika milima ya Cairngorms walinaswa ndani ya siku chache, na mmoja akafa. Mnyama wa kweli huonekana, hutegewa, hunaswa. Huyu wa hadithi pekee ndiye anayewashinda wote.

Je, si kweli kwamba fuvu la chui lilipatikana Bodmin? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni kweli, na msomaji angesoma habari hiyo hadi mwisho asingeuliza. Mwaka 1995 wizara ya kilimo ilichunguza madai ya chui wa nyika ya Bodmin, Cornwall, ikasema haikupata ushahidi wa kuthibitika, ingawa haikuweza kuthibitisha kwamba hayupo. Siku chache baadaye kijana mmoja akaokota fuvu katika mto Fowey. Wataalamu wa makumbusho ya historia ya asili ya London walikubali kwamba ni la chui, lakini lilikuwa na alama za kisu, na ndani yake mlikuwa na kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Lilitoka katika zulia la ngozi ya chui lililoletwa kutoka ng'ambo.

Kwa nini karibu wote wanaoonekana ni weusi? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu paka shume wengi ni weusi. Chui weusi ni wachache miongoni mwa chui wote duniani, na puma mweusi hajapata kuthibitishwa popote.

Na vinasaba vilivyopatikana mwaka 2024? (Msomaji, Birmingham)

Mzoga wa kondoo wa Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ulipanguswa, na maabara ya Chuo Kikuu cha Warwick ikapata vinasaba vya jenasi ya Panthera, yaani ukoo wa simba, chui, chui-milia na jagwa. Sampuli ni moja na spishi haikutajwa. Aliyeshikilia puma asishangilie, kwa kuwa puma hayumo katika ukoo huo. Nitabadili msimamo siku itakapoletwa sampuli ya pili, au picha kutoka kamera za kutegea, zinazompata chui hata katika misitu minene ya kwetu.

Basi kondoo wanauawa na nani? (Msomaji, Arusha)

Mara nyingi na mbwa wenye wenyewe. Mwaka 1983 wanamaji wa Royal Marines walitumwa na bunduki kwenye nyika ya Exmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, baada ya mkulima mmoja kudai amepoteza kondoo zaidi ya 100, wakarudi mikono mitupu. Mbwa hurarua miguu na mapaja, huua wengi na kuwaacha. Mbweha na kunguru humalizia, na asubuhi mzoga hutisha. Mwenye mbwa amfunge.

Nataka kufuga mondo hapa Manchester. Inaruhusiwa?

Kwa leseni ya halmashauri, ukaguzi wa daktari wa mifugo na bima. Nakushauri usiombe. Mondo huruka juu kuliko uzio wa nyumba nyingi za Manchester, na akishatoka, barua za kuniuliza kuhusu chui zitaongezeka.