Dogo, usitume hizo meseji kwanza (kulinganisha mistari ya faili mbili)

Simama hapo hapo. Unasema kwenye Python `if jina not in waliolipa` inakuletea watu ambao kwa macho unawaona wamo kwenye faili zote mbili, na jioni unataka kuwatumia meseji za kuwadai. Ila usitume. Mimi nilituma.

Ilikuwa michango ya harusi ya binamu yangu. Nina ahadi.txt, nina waliolipa.txt, skripti ya mistari 12, najiona bingwa. Meseji 86 zikaondoka kwa mpigo: "Ndugu mjumbe, mchango wako bado haujatufikia." Mmoja wa hao 86 ni baba mkubwa wa bwana harusi, aliyelipia ukumbi mzima. Alinipigia saa nne usiku. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole kama risiti ailete kwangu au ampelekee mama yangu. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo naitwa Mhasibu.

Kumbe mweka hazina alichapa majina kwenye simu, na simu ikimalizia neno inabandika nafasi tupu mwishoni. Faili moja ina `'Juma Salehe\n'` (`\n` ni alama ya mwisho wa mstari), nyingine `'Juma Salehe \n'`. Kwa Python hao ni watu wawili. Mstari wa mwisho nao mara nyingi hauna hiyo `\n`, kwa hiyo wa mwisho anaweza kudaiwa hata kama majina yote ni masafi.

Yule mwalimu wa video aliyenimalizia bando alisema "soma mistari, linganisha, basi". Faili lake la mfano lilikuwa na a, b, c. Nani ana mjomba anaitwa b?

Kabla ya kulinganisha chochote, tazama kwa repr, inayoonyesha hata alama zisizoonekana kwa macho:

```
for m in open('ahadi.txt', encoding='utf-8'):
    print(repr(m))
```

`print(m)` peke yake inakuficha uchafu, repr inauanika. Ukikuta `\ufeff` (alama iliyojificha mwanzoni mwa faili) kwenye jina la kwanza, fungua kwa `encoding='utf-8-sig'`, maana strip, ile ya kukata nafasi za mwanzo na mwisho, haiitoi. Kisha safisha faili ZOTE MBILI, siyo moja:

```
def safi(m):
    return ' '.join(m.split()).lower()

waliolipa = {safi(m) for m in open('waliolipa.txt', encoding='utf-8')}
```

Split inamaliza hata nafasi mbili za katikati, ambazo strip inaziacha. Majina ya ahadi.txt nayo yapitishe humo humo: `if safi(jina) not in waliolipa`.

Bandika hapa repr ya mistari mitano ya kila faili. Meseji zisubiri.