Skrubu za jipsamu hazifai meza ya mninga

Ndugu yangu wa Luchelele, umeuliza kama unaweza kuunga meza yako ya mninga, itakayokaa barazani kutazamana na ziwa, kwa skrubu nyeusi za jipsamu, kwa kuwa zinapatikana kila duka na bei yake haiumi. Nakujibu nikiwa seremala niliyekwisha kulilipia kosa hilo.

Skrubu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kushikilia bodi za jipsamu, na chuma chake kimekomazwa kiasi kwamba kikilemewa hukatika badala ya kupinda. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi, karakanani Kirumba, niliunga benchi la mninga kwa skrubu hizo bila kutoboa kwanza. Ya nne ililia tak, kichwa kikadondoka sakafuni na mwili wake ukabaki umezama ndani ya mbao, usishikike kwa koleo. Zile zilizoingia nazo zilikuwa na hesi, yaani mizunguko inayouma mbao, kutoka nchani hadi karibu na kichwa, kwa hiyo ziliuma mbao zote mbili kwa pamoja na kuacha katikati mwanya wa kupitisha ukucha, ambao haukuziba hata nilipokaza kwa nguvu zote.

Skrubu halisi ya mbao ina shingo laini isiyo na hesi. Shingo hiyo huzunguka bure ndani ya mbao ya juu, hesi zikauma ya chini peke yake, na kichwa kikaivuta ya juu mpaka zikutane.

Kwa mbao za juu za milimita 25 juu ya fremu ya milimita 45, chukua skrubu ya milimita 5 kwa 60. Toboa mbao ya juu kwa biti ya milimita 5.5 na fremu kwa biti ya 3.5; kwa fremu ya paini, kama ile ya Rubya kule Ukerewe, biti ya 3 inatosha. Usifunge skrubu kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzinyuzi zilipokatwa, ukitegemea ishike kama ubavuni, kwani hapo hushika kidogo sana.

Ikiwa mbao za juu umezigundisha zikawa ubao mmoja mpana, hesabu hubadilika. Ubao huo hupanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na ukiubana kila upande utapasuka. Ufunge kutoka chini kwa skrubu ambayo ncha yake haitakaribia uso wa meza, na matundu ya fremu uyarefushe kuelekea upana wa ubao ili skrubu ziwe na nafasi ya kusogea.

Kwa kuwa mvua itaipiga, nunua za stenlesi. Ni laini kuliko chuma kilichokomazwa, hivyo ukizilazimisha katika mninga zitajisokota. Zipake nta ya mshumaa kabla ya kufunga. Wengi hutumia sabuni, lakini mimi niliiacha, kwa sababu huvuta unyevu.

Ukikosa dukani stenlesi zenye shingo laini, chukua zile zenye hesi nzima, kwani tundu pana la mbao ya juu litafanya kazi hiyohiyo.