Laptopu Imekataa Windows 11, Nihamie Wapi?

SWALI: Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi viungani mwa Kakamega. Nina HP EliteBook 840 G3 niliyonunua ikiwa imetumika, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Windows 10 inaniambia muda wake umeisha, na Windows 11 haiikubali mashine yangu. Fundi anataka shilingi 2,500 aiingize kwa nguvu. Nimpe?
*Mwalimu, Kakamega*

JIBU: Usimpe kwanza, mwalimu. Prosesa ya G3 huandikwa i5-6200U au i5-6300U, na tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: cha 6. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hata G4 haipiti, kwa kuwa ni ya kizazi cha 7. G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 ndiyo inayopita. Anayenunua mashine iliyotumika amwambie muuzaji aandike dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia, asome jina la prosesa kwa macho yake kabla ya kutoa pesa.

Fundi anaweza kuuruka ukaguzi huo na Windows 11 ikawaka vizuri tu. Lakini toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe kwenye mashine ya namna hiyo, kwa hiyo utarudi kwa fundi yule yule, na Microsoft haikuahidi masasisho yoyote. Windows 10 yenyewe iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unajisajili kwenye ukurasa wa Windows Update ukiwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Huo ni muda wa kufungasha virago, si wa kukaa.

Kwa RAM ya GB 8 na SSD, tungekupa Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows au kando yake, toleo la Cinnamon. Mint 22 ilitoka 2024 na itatunzwa hadi 2029. Menyu iko chini kushoto, kwa hiyo mkono hautapotea sana.

Kabla ya hapo, andika kwenye karatasi kila unachofanya na laptopu hiyo kwa mwezi mzima. Tovuti za TSC (tume ya walimu) na KNEC (baraza la mitihani) hufunguka kwenye kivinjari, nazo hazijali uko kwenye mfumo gani. Maazimio ya kazi uliyoyaandika kwa Word yatafunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ila majedwali huweza kusogea iwapo fonti haipo. Weka kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer ili upate Times New Roman na Arial, na unapomtumia mwalimu mkuu, tuma PDF. Pa kuangalia kwa makini ni fomu za KRA (mamlaka ya kodi) zinazopakuliwa kama lahajedwali: zina makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili, na makro za Excel hazina uhakika kwenye LibreOffice. Kama unazitumia, acha Windows ibaki kando kwa kazi hiyo moja. QuickBooks ya kusakinisha, programu ya uhasibu, nayo haina toleo la Linux.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji flashi ya GB 8 ambayo haina kitu unachokipenda, maana itafutwa yote. Faili la Mint linakaribia GB 3. Lipakue palipo na waifai ya kuaminika. Likishafika, fungua Command Prompt kwenye folda lilimo, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Linganisha mfuatano utakaoupata na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Hatua hii watu wengi huiruka, halafu usakinishaji unakwama katikati na lawama zinaenda kwa laptopu, kumbe ni bando lililokatika na kuacha faili bovu. Liandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ndogo ya kutengeneza flashi ya kuwashia mashine.

Zima mashine, iwashe ukigonga F9, chagua flashi. Kwenye Lenovo na Dell ni F12. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kukaa saa nzima: jaribu waifai, sauti, mwanga wa skrini, projekta ya shule, na ufunge kifuniko uone kama inalala na kuamka. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi. Usiihukumu kwa hilo.

Ukiridhika, rudi Windows. Nakili faili zako kwenye diski ya nje. Folda nyingine ndani ya diski ile ile si nakala. Kama BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski) imewashwa, chukua ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike mahali, kwani ukigusa mipangilio ya BIOS (ile ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka) Windows inaweza kuudai ghafla. Zima Fast Startup pia. Ikiwa hai, Windows haizimiki kabisa, na Mint itaifungua diski yake kwa kusoma tu au ikatae. Kisha tumia Disk Management kupunguza sehemu ya C na kuacha GB 60 tupu. Washa tena kutoka kwenye flashi na uchague "Install Linux Mint alongside". Chaguo la "Erase disk" linamaanisha hivyo hivyo linavyosema. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa: stima ikipotea wakati sehemu za diski zinabadilishwa, unaweza kupoteza pande zote mbili.

SWALI: Kwenye saiba yangu nina Windows na Mint kwenye mashine moja. Kila nikitoka Mint, saa ya Windows inarudi nyuma kwa saa tatu kamili na hesabu za wateja zinaharibika. Betri ya ubao nimebadilisha.
*Mwenye saiba, Nakuru*

JIBU: Betri haina kosa, ndugu. Mint huweka saa ya ubao kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa tatu, ndiyo maana tofauti haibadiliki hata dakika. Mtu wa London wakati wa baridi asingeligundua tatizo hili. Kwenye Mint fungua Terminal uandike: timedatectl set-local-rtc 1. Kisha rudi Windows urekebishe saa mara moja.

SWALI: Nimeweka Mint kwenye Dell kuukuu, waifai haionekani kabisa, na bila intaneti siwezi kupata draiva.
*Msomaji, Bungoma*

JIBU: Andika lspci kwenye Terminal. Ukiona jina Broadcom, mtengenezaji wa chipu za waifai, umeshampata mhusika. Unganisha simu kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Mint itaiona kama waya wa mtandao. Fungua Driver Manager, chagua draiva iliyopendekezwa. Hata bando likiwa limeisha, chomeka ile flashi ya usakinishaji. Driver Manager inaweza kuichukua draiva humo. Kama Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokagua kinachowaka) imewashwa utaulizwa nenosiri la muda, na ukiwasha upya skrini ya samawati itakuomba uliingize. Ukiipita skrini hiyo, draiva haitapakiwa.

SWALI: Nimeonyeshwa MacBook Air ya 2017 pale Kisumu kwa bei nzuri. Inafaa kwa chuo?
*Mwanafunzi, Maseno*

JIBU: Hapana, isipokuwa bei iwe ya kutupa. Mwisho wake ni macOS Monterey, ambayo haipati tena masasisho ya usalama, na RAM imeunganishwa kwenye ubao, haiongezeki. Mac za Intel zote ziko njiani kuachwa: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali, tena chache tu, na hakuna Air ya Intel hata moja kati yake. Mint huwaka kwenye Air hiyo, ila waifai ni Broadcom na kamera hudai draiva ya kutafuta pembeni. Ukitaka Mac, anzia na yenye chipu ya M1, ya Apple yenyewe. Kama pesa hazifiki huko, tafuta EliteBook 840 G5.